Hesabu ya Pweza kwa Mashine Yetu

Kabla sijashika kompyuta nilishika mizani. Kwa miaka sita nilinunua pweza kwa akina mama wa kijijini kwetu, upande wa mlango wa mto Ruvuma, nikawapeleka kwa tajiri mmoja mjini Mtwara, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kukubali kupimiwa kwenye mizani ya mtu mwingine. Mizani ya mnunuzi siiamini. Najua ninachosema, maana mnunuzi nilikuwa mimi.

Kwa hiyo siku afisa wa takwimu za uvuvi alipofungua kompyuta yake mbele ya kikundi cha akina mama, akatuonyesha mstari mwekundu unaoporomoka kutoka kushoto kwenda kulia, sikuuliza kwa nini umeporomoka. Niliuliza, "Umepimia wapi?"

"Ofisini, dada. Kwa programu ya takwimu."

"Programu ya nani?"

"Ni ya bure. Haina mwenyewe."

Kitu cha bure kisicho na mwenyewe. Nikakaa sawasawa kwenye mkeka.

Mstari ule ulikuwa wastani wa kilo za pweza kwa siku kutoka kwenye mwamba wetu. Kwa sababu yake, ofisi ilipendekeza mwamba ufungwe mwaka mzima, halafu "hali itazamwe tena". Maneno hayo nayajua. Iko barabara inayongoja kutazamwa tena tangu mimi navaa sare za shule. Na mwamba ule kwa akina mama ni shamba. Wanaume wana mashua na nyavu, wengine wana mikorosho. Mwanamke asiye na shamba ana ufito wake wa chuma wa kuchokolea pweza, kikapu chake, na mwamba maji yakikupwa. Ukifungwa mwaka mzima, wapo ambao wangebaki na ufito tu.

Mwenyekiti wa kikundi ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Alimtazama afisa, akautazama mstari, akasema, "Mwanangu, wewe una uso wa mtu mwema. Hilo jambo lako ndilo baya."

Afisa hakukasirika. Alikuwa mtu wa bara, mpole, kijana wa ibada za Jumapili, na alikuwa amekiri tangu mapema kwamba hajui kuogelea. "Mama, mimi sina ugomvi na nyie. Nafuata takwimu. Na takwimu ni zenu, zimetoka kwenye daftari la kikundi chenu."

Hapo akina mama wakageuka kunitazama, kwa sababu daftari la kikundi nalitunza mimi.

"Kama mna hesabu nyingine," akaendelea, "ileteni kwenye kikao, wiki tatu kutoka leo. Ila iwe kwa programu hii hii na njia hii hii, tusije tukalinganisha ndizi na mihogo." Akanipa flashi yenye programu na maagizo ya hesabu yake yote, hatua kwa hatua. Kwa hilo namshukuru mpaka leo. Wenzake wengi wangetupa mstari tu. "Au njooni ofisini mtumie kompyuta yangu."

"Asante, kaka," nikasema. "Tunayo yetu."

Tunayo yetu lilikuwa neno kubwa. Tulichokuwa nacho ni kiboksi cha ukubwa wa mche wa sabuni, kilichoachwa na mradi mmoja uliokuja kutufundisha kuingiza daftari kwenye kompyuta, ukaondoka kabla hatujafika somo la mwisho. Kilikaa kwenye chumba cha kikundi, juu ya friza ya pweza, kikila umeme wa jua. Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo watu wa mradi walikiwekea mfumo mwepesi kabisa. Kuandika tarakimu kilijua. Nikachomeka flashi, nikaita programu.

Kioo kikaandika: faili halipo.

Nikatazama orodha ya mafaili. Lilikuwepo. Nikaita tena. Halipo. Nimewahi kugombana na watu wanaokana kitu kilicho mkononi mwao, lakini walau wale walikuwa na haya ya kukwepesha macho.

Kesho yake nikapanda gari kwenda mjini, kwa fundi mmoja mwenye kibanda si mbali na lango la bandari, anayetengeneza kompyuta za mawakala wa mizigo. Alichomeka kiboksi kwenye kioo chake, akacheka kidogo kwa pua.

"Dada, kila programu ina vitu inavyoazima kwa mwenyeji. Kufungua faili, kuandika namba kwenye kioo, kuomba nafasi. Hivyo vitu vinakaa kwenye maktaba moja ya mashine, inaitwa maktaba ya C. Kompyuta nyingi za mfumo huu zina maktaba moja kubwa, ni ile ile. Hiki chako kina nyingine, ndogo. Sasa programu yako ilitengenezwa ikiitegemea ile kubwa. Imefika mlangoni, imemuulizia mwenyeji wake, imeambiwa huyo mtu hapa hakai."

"Basi si iseme hivyo? Inaniambia faili halipo, na faili naliona kwa macho."

"Kisichokuwepo ni mwenyeji. Haikukutajia nani, basi."

"Kama karani wa dirisha namba tatu kwenye ofisi za serikali."

"Kama huyo huyo."

"Tufanyeje?"

"Nunua kompyuta kubwa."

"La pili?"

"Futa mfumo huu, weka ule mkubwa. Lakini kwa kumbukumbu hii kitakuwa kinakokota miguu, na fomu yenu ya daftari itabidi itengenezwe upya."

"La tatu?"

Akaniangalia. Mtu akikupa bei mbili bila kufikiri, ya tatu ndiyo ameificha.

"La tatu ni kuijenga mwenyewe. Unachukua msimbo, yaani maandishi yenyewe waliyoandika watu, unaukompaili humo humo ndani ya kiboksi. Ukikompaili, maandishi yanageuzwa maagizo ya mashine, na yanaunganishwa na maktaba iliyomo humo. Inawezekana. Lakini dada, hiyo si kazi ya..."

"Ya nani?"

Akafikiri vizuri. "Ya mtu mwenye haraka."

Aliponea hapo. Niliwahi kusomea cheti cha takwimu, kabla cheti hakijashindwa kuniajiri na pweza wakaniajiri, na programu ile niliitumia darasani. Kuijenga sikuwahi. Lakini pweza pia kuna siku nilikuwa sijui kumshika. Nikatumia mtandao wake kushusha msimbo wa programu na wa nyongeza ya hesabu ambayo afisa aliitumia juu yake, pamoja na maelezo yote niliyoweza kupata, nikahesabu mafaili mara mbili, nikarudi kijijini.

Yalikuwa majira ya maji mafu, zile siku kati ya bamvua na bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, ambapo bahari inakupwa kwa uvivu na mwamba hauonekani. Hakuna anayekwenda kuvua pweza. Akina mama walikuja na ukili wao, wakawa wanasuka huku wananitazama. Mistari ya maandishi ilipanda kwenye kioo, moja baada ya nyingine.

"Kinapika nini?" akauliza shangazi.

"Kinakompaili."

"Mbona hakinuki?"

"Ngoja kishindwe."

Kilishindwa baada ya saa moja. Kwanza kumbukumbu iliisha, mfumo ukaiua kazi katikati bila kuaga. Nikatenga sehemu ya kadi yake ya kuhifadhia mafaili iwe kumbukumbu ya kuazima, nikakiamuru kishughulikie faili moja tu kwa wakati mmoja. Polepole, kama mtu anayekula samaki mwenye miba. Mawingu yakaja, umeme wa jua ukalegea, kiboksi kikazima. Nikawasha. Kilianzia pale kilipokuwa kimefika; katika mashine zote nilizowahi kugombana nazo, hiyo peke yake ndiyo iliyokumbuka tulipoishia.

Siku ya pili programu yenyewe ikakubali. Siku ya tatu ikawa zamu ya ile nyongeza ya afisa, na hapo nikakwama kweli. Msimbo wake uliomba kitu cha kuchapisha njia ambayo programu imepita kabla ya kuanguka. Maktaba kubwa inacho. Ile ndogo haina, na haioni aibu. Nilisoma maelezo ya watu walioitunga, nikidhani nitakuta wameomba radhi. Wapi. Walisema wao wameweka yaliyokubaliwa kwenye kanuni; ambaye aliongezewa fadhila kwenye maktaba nyingine akaizoea, hilo ni juu yake. Nikawapenda papo hapo. Ni watu wa sokoni: tulichopatana ndicho hicho, usiniambie jirani alikuongeza.

Kitu kile kilikuwa cha kusaidia mafundi tu, hakikugusa hesabu. Nikakizungushia sharti: kama maktaba inacho, kitumie; kama haina, pita. Ikakompaili. Nikaiendesha, ikaanguka bila neno. Nikaiendesha tena, ikaanguka pale pale, na hilo lilinipa moyo, maana mwongo huanguka mahali tofauti kila siku. Kumbe nyongeza ile hujigawa ifanye kazi kadhaa kwa pamoja, na maktaba ndogo hukipa kila kijitawi nafasi finyu sana ya kufanyia kazi. Dawa yake ilikuwa neno moja la kuongeza wakati wa kuunganisha, la kutaja nafasi kubwa zaidi. Nililitafuta neno hilo siku nzima. Kuliandika kulichukua muda wa kupiga chafya.

Siku ya nne kila kitu kikasimama. Nikaendesha majaribio ya programu yenyewe, yakapita. Nikayaendesha tena, yakapita. Nikampigia fundi simu. Akasema, "Dada, umeniharibia. Sasa watu watakuja kuniulizia la tatu."

Basi nikalisha daftari letu, nikafuata maagizo ya afisa hatua kwa hatua, akina mama wamenizunguka, na mstari ukachorwa.

Uliporomoka, na ulikuwa ule ule. Nikarudia, ukawa ule ule mpaka tarakimu za mwisho.

"Sasa imesemaje?" akauliza shangazi.

"Imesema kama ya afisa."

Mikono iliyokuwa ikisuka ukili ikasimama.

"Basi umeijenga ya nini?"

Mtu anayebeba mizani yake mwenyewe kwenda sokoni, ikampa uzito ule ule wa mnunuzi, ana njia mbili: alipwe kwa uzito huo, au atazame kilichomo ndani ya gunia. Nikafungua daftari la karatasi, lile lenyewe, nikakaa nalo mchana kutwa. Nilikuwa sasa najua kitu kimoja ambacho wiki iliyopita sikukijua: kosa haliko kwenye mashine ya mtu yeyote. Kwa hiyo liko kwetu.

Nikatafuta mwezi ambao mstari ulianza kuporomoka. Nikauhesabu mara mbili. Ulikuwa mwezi niliolipokea daftari mimi.

Karani aliyenitangulia, aliyeolewa akahamia ng'ambo ya mto, ukivuka Kilambo, alikuwa akiandika siku ambayo watu wamekwenda mwambani tu. Siku nyingine aliziacha wazi. Mimi nilipolipokea nilichukizwa na ule uwazi. Katika udalali, nafasi tupu kwenye karatasi ni mlango usio na komeo: leo umeiacha tupu, kesho mtu ameijaza kwa mkono wake, keshokutwa unaulizwa wewe. Nilishawahi kuulizwa. Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza kikundini ilikuwa kwamba hakuna nafasi tupu. Hakuna kitu? Weka sifuri, piga mstari, funga. Akina mama waliishika sheria hiyo vizuri kuliko nilivyotaraji. Siku ya maji mafu, sifuri. Siku ya msiba, sifuri. Siku ya Idi, sifuri safi, ya duara.

Na programu, ambayo haijui bamvua, ilisoma kila sifuri kama siku ambayo wanawake ishirini walishinda mwambani wakarudi mikono mitupu. Tulikuwa tumewamaliza pweza wetu kwa kalamu, na kalamu ilikuwa yangu.

Niliwaambia siku ile ile. Ni afadhali useme mwenyewe kabla hujasemewa. Shangazi akasema, "Ndiyo maana wakati unanunua pweza tulikuwa tunakuhesabia mara mbili." Akina mama wakacheka, nami nikaona nimesamehewa, au nimekopeshwa.

"Sasa futa hizo sifuri zote," akasema. "Zote kabisa. Kazi imekwisha."

"Sizifuti zote."

"Heh! Ulizoziandika wewe mwenyewe?"

"Ziko siku tulikwenda kweli, shangazi, tukakosa. Hizo ni sifuri halali."

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na nikisimama mbele ya yule kijana naye akaikuta moja tu, atatupa kapu zima."

"Wewe leo ndiyo umekuwa sheikh?"

"Leo nimekuwa muuzaji. Mnunuzi akikuta jiwe moja kwenye gunia, anapunguza bei ya gunia."

Hiyo lugha aliielewa. Alisonya, lakini alivuta mkeka. Siku tatu tulikaa, daftari mbele yetu na jedwali la maji kupwa na kujaa pembeni, tukaipitisha sifuri moja moja kama watu wanaochambua mchele. Siku mwamba haukuonekana: iachwe wazi. Siku ya bamvua lakini palikuwa na msiba: mashahidi wawili, iachwe wazi. Kisha mama mmoja mkimya akasema, "Na ile wiki ya mafuriko? Mto ulipoleta tope, bahari ikawa kama chai ya maziwa. Tulikwenda. Siku nne tulikwenda, tukachokoa mashimo matupu."

Shangazi akamkata jicho. Mama yule akaendelea kusuka. "Tulikwenda," akarudia. "Wewe ndiye uliyetutangulia."

Sifuri nne zikabaki. Zikaongezeka nyingine saba, zote zikiwa na shahidi. Kila badiliko niliandika sababu yake pembeni. Nikalisha upya, nikaendesha mara mbili.

Mstari uliinama. Sitadanganya, uliinama kidogo, kama mtu aliyebeba ndoo moja. Lakini haukuporomoka.

Siku ya kikao nilikibeba kiboksi kwenye kikapu cha pweza kilichooshwa, kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho, na harufu ikatutangulia mlangoni. Mwenyekiti wa kikao, mzee wa serikali ya kijiji, akauliza kama tumeleta ushahidi au kitoweo. Nikachomeka kioo, nikaonyesha mistari yote miwili, wa kwanza na wa pili.

Afisa akainama, akasoma. "Dada, umebadilisha takwimu."

"Nimebadilisha. Sababu ziko pembeni na mashahidi wako nyuma yako. Sifuri zile nilizijaza mimi, kosa ni langu, liandikwe. Lakini na wewe, kaka, uliona wanawake wanakwenda mwambani siku thelathini kwa mwezi, bamvua na maji mafu, hukujiuliza kama tuna matamvua ya samaki ya kupumulia majini?"

Chumba kikaangua kicheko. Yeye pia alicheka, akiwa amechelewa kidogo, mkono kwenye paji la uso. Kisha akafanya jambo la heshima: akaomba faili letu, akalipitisha kwenye kompyuta yake yenye maktaba kubwa. Tukangoja. Majibu yakatoka sawa na ya kiboksi. Akalinganisha jedwali kwa kidole, safu kwa safu. Nilimwambia ahesabu mara mbili, akahesabu.

"Ni sawa," akasema. "Lakini bado unashuka, dada. Kidogo, ila unashuka."

"Unashuka," nikakubali. "Lakini si wa kutufungia mwamba mwaka mzima."

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza kweli. Ofisi ilishuka kutoka mwaka hadi miezi sita. Shangazi akasimama, akasema yeye hahesabu miezi, anahesabu bamvua, na atatoa bamvua mbili. Wakasema nane. Akakaa chini kama aliyesikia tusi. Mwisho tukafika bamvua sita, na si mwamba wote, bali upande wa kusini tu ambako pweza wadogo ni wengi, na mipaka ikawekwe na akina mama wenyewe. Nami nikadai iandikwe kwenye muhtasari kwamba hakuna uamuzi mwingine juu ya mwamba huu utakaopitishwa kabla hesabu ya kikundi haijawekwa mezani, iliyofanywa na kikundi kwa mashine ya kikundi. Afisa alisema hilo hana mamlaka nalo. Mzee wa kijiji akasema yeye anayo, akachukua kalamu. Nilisoma muhtasari ule kabla haujatiwa sahihi, kisha nikausoma tena.

Nje, shangazi alikuwa tayari anagawa kazi: nani atakata fito za kuwekea mpaka, nani ana vitambaa vyekundu. Afisa alikuwa anatafuta ufunguo wa pikipiki.

"Na wewe, mwanangu," akamwambia, "Jumatano maji yanakupwa saa nne asubuhi. Vaa viatu ambavyo huvihurumii."

"Mimi, mama? Sijui kuogelea."

"Nani kakwambia tunaogelea? Tunatembea. Utashika kamba ya mpaka, upande wa kina kifupi."